Msikiti wa Babu na Makaburi Yasiyo na Majina

Jumatano, 30 Oktoba 1996

Madaftari ya wasichana wangu wa darasani yamebaki nusu. Karibu wote wameandika kwamba Mto Naili unamwagika Bahari ya Hindi. Wamenakiliana mpaka makosa. Nimecheka peke yangu mezani, nikakasirika, kisha nikacheka tena.

Mama kaja na chai ya maziwa, kaiweka juu ya ramani ya Afrika. Kauliza tena: utanipeleka lini? Nimemwambia kesho. Safari hii kweli.

Toka ahamie kwetu akitokea kwa kaka, Maskati, wimbo wake ni huo mmoja. Msikiti wa baba yake uko hapa Ibra, ng'ambo ya wadi, mto mkavu wa mawe, katika mtaa wa zamani uliohamwa. Babu Khalfan. Alimwacha Mama Unguja, mtoto wa chuoni bado anajifunza alifu na be, akaja Arabuni kuutengeneza msikiti wa wazee wake. Alisema atarudi. Badala yake ikaja simu ya upepo kuwa kafariki. Mama sasa kapita sabini na hajasimama hata mara moja kwenye kaburi la baba yake. Tumekuja Omani tangu mimi msichana, lakini makao yetu yalikuwa Maskati, na kila akija Ibra alikuja harusini au matangani, kwa magari ya watu, na kuondoka nayo.

Mwaka huu nimehamishiwa skuli ya huku. Mama hana tena kisingizio. Wala mimi sina.


Alhamisi, 31 Oktoba

Siku nzuri. Nzuri mno. Naandika haraka isinipotee.

Salim, mume wangu, katuendesha. Gari kaliacha kwenye changarawe za wadi, vichochoro havipitiki. Mama kavaa viatu vyake vya harusini. Nikamwambia utaanguka. Kasema yeye haendi kwa baba yake na ndara.

Majumba ya ghorofa yamebaki kuta. Ngazi zinapanda, hazifiki popote. Milango mikubwa ya nakshi, ndani yake mbuzi. Msikiti tumeujua kwa kijikuba chake juu ya ngazi ya kupandia darini, kidogo kama kofia aliyosahau mtu. Mnara hauna, misikiti ya zamani ya huku haina minara. Mlango umefungwa kwa waya. Salim katia kidole, kajichoma, kasema nipeni taimu. Mama kamwambia taimu ndiyo nini, sema wakati. Mume wangu mtu wa Tabora, Mama hajamsamehe Kiswahili chake mpaka leo.

Ndani giza. Harufu ya popo. Baridi tamu. Nguzo nene, nimeikumbatia moja na mikono haikukutana. Kwenye mihrabu nakshi za chokaa, duara ndani ya duara, na katikati wamepachika bakuli la Kichina, la buluu. Limemegeka ukingo. Nimelipangusa kwa ncha ya buibui langu likang'aa kama la jana. Chini ya sakafu maji ya falaji, mfereji wao wa kale, yanapita, unayasikia. Watu wamehama, maji hayana habari.

Mama yeye katazama juu. Halafu kakaa chini. Halafu kalala chali, hapo hapo juu ya mavi ya njiwa. Salim karuka akidhani kaanguka.

"Boriti!" Mama kasema. "Nasra, tazama! Boriti za mikoko! Za kwetu!"

Kweli. Dari nzima boriti za mikoko, wekundu wake umeiva ukawa karibu na weusi. Katika milima hii mkoko unaota wapi? Mama kazijua. Zilikuwa zimelazwa uani kwao Unguja, akitembea juu yake mikono kaitanua, na Babu akimkemea atavunjika mguu. Siku moja kaamka hazipo. Na Babu hayupo. Mtoto yule alidhani wezi wameziiba boriti na Babu kawafuata mbio. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyemwambia zilikwenda wapi.

Kacheka amelala vile vile, machozi yanamwingia masikioni. Salim naye kalala. Na mimi nikalala. Watu wazima watatu chali msikitini, tunatazama dari. Lau mtu angeingia!

Kisha tukapanda darini. Nyuma ya msikiti ndiyo makaburi. Mawe tu. Mwanamme mawe mawili, mwanamke matatu, jina hakuna hata moja. Ndivyo walivyozikana watu wa huku, mkubwa na mdogo sawasawa. Mimi nikaona uzuri wake. Mama kauliza: "Baba yangu yupi?"

Furaha ikapungua. Kidogo tu.


Ijumaa, 1 Novemba

Salim kawauliza wazee baada ya sala. Hakuna anayejua kaburi la nani liko wapi. Anayejua ni mmoja, bibi mmoja anaitwa Moza, anakaa nyumba pekee iliyobaki nzima pale ubavuni mwa msikiti. Wanawe wako Maskati jeshini na wamemwomba ahame, kakataa. Wazee wamecheka: kamuulizeni, kama atakujibuni. Wazinjibari hawapendi. Akiwaona hufunga dirisha.

Wali wa nazi leo umenitoka vizuri. Mama kala kijiko kimoja.


Alhamisi, 7 Novemba

Nimeaibika. Naandika ili nitulie.

Mama kataka twende tu makaburini, huenda moyo wake ukamwambia. Najua wanawake wa huku hawaendi makaburini. Mama naye anajua. Tulikwenda asubuhi, sisi wawili, tukidhani hakuna wa kutuona. Mama akapita polepole baina ya mawe, anainama, anatoa salamu kwa kila mwenye mawe mawili. Shikamoo, kama si wewe nisamehe. Shikamoo, kama si wewe nisamehe. Nilikuwa nataka kucheka na kulia pamoja.

Mara ukelele kutoka juu. Bibi mmoja yuko darini kwake, barakoa usoni, bakora mkononi kaielekeza kwetu kama bunduki. Tokeni! Tokeni kwenye watu wa watu! Hamna adabu mlikotoka?

Mama Kiarabu chake ni cha Qur'ani na cha kununulia samaki. Hakufahamu ila neno la kutoka. Kauliza anasemaje. Nikamwambia anatukaribisha kahawa, mara nyingine. Mama kanitazama. Mimi muongo mbaya, tangu mtoto.

Tumerudi nyumbani. Nina hasira na yule bibi. Kubwa.


Jumamosi, 9 Novemba

Nimekwenda kwa Moza, yule bibi wa darini, baada ya skuli. Peke yangu, na hasira zangu, na kopo la halua, maana mkono mtupu sikuweza.

Kafungua. Kaiona halua, kaniona mimi, kanipisha. Ugeni huku ni ugeni, hata ukiwa adui. Kanimiminia kahawa, kanisogezea tende. Chumba kisafi, kinanuka ubani. Huuchanganya mwenyewe na kuuza soko la wanawake kila Jumatano. Kanihoji habari moja moja kama desturi: mzima, watoto wazima, mvua kwenu imenyesha? Na mimi namjibu, khala huku, khala kule. Hasira yangu nikaitafuta sikuiona.

Nikamweleza. Mama yangu ni binti Khalfan aliyeutengeneza msikiti huu. Anataka kumwombea baba yake, basi.

Kaweka kikombe chini. Katika kila alichosema hiki ndicho ninachokikumbuka neno kwa neno, na nakiandika kwa lugha yetu:

"Mama yako kampata akiwa mzima. Mimi alinijia mgonjwa. Basi na maiti yake mniachie mimi."

Nilikawia kufahamu. Mjinga kweli. Nikamtazama juu ya barakoa, macho yale. Macho ya Mama. Yamekaa kwa mtu mwingine yananitazama kwa ukali.

Babu alikuwa na mke Ibra kabla hajaenda Unguja. Alimwacha na mtoto mchanga. Aliporudi mtoto keshakuwa msichana wa kuteka maji, na alipata kuwa naye mwaka tu, nusu yake kitandani. Mtoto ndiye huyu Moza. Nilikuwa nikimwita khala kwa adabu. Kumbe ni khala wangu kweli, mama mkubwa, damu moja na Mama.

Sikumbuki nimetokaje. Nakumbuka kanirejeshea kopo langu, kalitia tende.


Jumapili, 10 Novemba

Sijamwambia Mama. Mwoga mimi. Darasani nimeandika ubaoni "Mto Khalfan". Wasichana wamefurahi sana.


Jumanne, 12 Novemba

Nimemwambia. Jikoni, anachambua mchele.

Niliogopa atazimia, au atachukia, au atasema uongo. Mama kaendelea na mchele wake. Kasema habari ya mke mwingine Arabuni aliijua, mama yake aliitaja akiwa na hasira. Habari ya mtoto hakuijua. Kisha mkono ukasimama.

"Mkubwa kwangu?"

Ndiyo, nikasema.

"Nina dada?"

Ndiyo, Mama.

Mama kazaliwa peke yake kwa mama yake. Kakua peke yake. Kasukuma ungo pembeni, kainuka, kazunguka jikoni hajui anatafuta nini, kafungua friji, kalifunga. Kasema huyu mtu tangu Alhamisi anatupigia kelele na sisi hatujampelekea hata kitu! Kaanza kuloweka mchele wa vitumbua.

Nikamwambia Mama, hakutaki. Kasema hajanijua bado, atanitakaje?

Salim karudi kutoka benki, kaukuta ukumbi mzima unajifunza Kiarabu. Mama kataka afundishwe "mimi mdogo wako". Kwa Kiarabu, ana ukhtish. Anaitamka kwa tajuwidi, kama anasoma sura. Salim kamsahihisha. Mama kamwambia yeye wa Tabora anyamaze.


Jumatano, 13 Novemba

Mama kenda soko la wanawake na jirani, mimi niko skuli. Sikujua mpaka niliporudi.

Jirani kanipa habari mlangoni, kafunika mdomo kwa ukaya. Mama kenda moja kwa moja mpaka kwa Moza, kakaa kitako pembeni ya mkeka wake, kamwekea sahani ya vitumbua. Moza kavichukua kimoja kimoja, kampa mwanambuzi wake aliyefungwa hapo. Vyote. Soko linatazama.

Nikaingia ndani roho juu. Mama anaosha sahani, anaimba.

"Mbuzi wake kavipenda," kasema.

Hakutamka ile sentensi yake. Ilimtoka kichwani alipomwona. Kasema: ana mikono ya baba. Basi.

Mimi badala yake ningelia wiki nzima. Sijui nimezaliwa na mtu huyu vipi.


Jumatatu, 18 Novemba

Sikukuu ya taifa. Bendera mpaka kwenye pembe za mbuzi. Skuli imefungwa wiki hii. Mama hana habari na bendera, anauliza Jumatano lini.

Nimekwenda msikitini peke yangu kabla jua halijapanda, kwa raha yangu tu. Nimefagia mbele ya mihrabu. Nimekuta kwenye kuta vishimo vya kuwekea misahafu, na kimoja kina tasbihi ya kokwa za zeituni, uzi umeoza, nilipoigusa ikamwagika. Nikapiga magoti naziokota, popo wananipita juu. Sijapata furaha ya namna hii tangu utoto. Mtu wa makamo nacheza ndani ya nyumba ya Mungu.

Nilipotoka, dirisha la Moza lilikuwa wazi. Kaniona na ufagio. Hakulifunga.


Jumatano, 20 Novemba

Bado nacheka. Nitajaribu kuandika kwa mpango.

Nimefuatana na Mama sokoni. Wanawake watupu, wauzaji na wanunuzi: vitambaa, wanja, mafuta ya nywele, dhahabu ya bandia na ya kweli. Moza na ubani wake pembeni ya ukuta. Mama kakaa kama wiki iliyopita. Sahani chini. Moza kamlisha mwanambuzi kama wiki iliyopita. Nilitaka ardhi inimeze.

Mama kajiweka sawa, kakohoa, kasema: "Ana ukhtish as-saghira." Mimi dada yako mdogo, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Wanawake wa karibu wakacheka. Moza hakucheka. Lakini kaacha kumtazama mbuzi.

Watu wananunua, Moza anapima ubani. Halafu kanigeukia mimi, si Mama. Kiarabu, cha haraka haraka. Muulize mama yako kitu. Baba alipoumwa alisahau Kiarabu. Au alikichoka. Siku zake za mwisho alisema nami kwa lugha yenu tu. Kila siku neno moja, lile lile. Ananitazama, ananiambia, halafu ananigeuzia mgongo. Nimekaa nalo moyoni tangu msichana. Kama ni wasia sikuutimiza. Kama alikuwa anataka wale watoto wake wa huko, na akageukia ukutani kwa kuwa mimi si wao, bora nisijue. Sikumuuliza Mzinjibari hata mmoja. Niliogopa jibu.

Nilimwambia: sema, khala.

Kavuta pumzi. Kafumba macho. Kasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtoto anayesoma aya aliyopigiwa:

"Nikuna mgongo. Habo habo. Shini kidogo."

Mama kainua kichwa.

"Anasemaje?"

Moza kalirudia. Nikuna mgongo. Habo habo. Shini kidogo.

Nilimwona Mama analielewa. Uso wake ukafunguka wote. Kaweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na kulia pia, vyote pamoja. Kanipiga paja: mwambie, mwambie!

Nikamwambia. Khala, alikuwa anaomba akunwe mgongo. Hapo hapo. Chini kidogo.

Moza kanikazia macho. "Mgongo?"

Mgongo, khala.

"Ndiyo maana alinigeuzia?"

Ndiyo maana alikugeuzia.

Kibakuli cha ubani mkononi. Kisha kasema polepole, si kwangu, sijui kwa nani: lakini mimi nilikuwa nikimpapasa. Alipogeuka, nilidhani kanichukia, na mimi nikaona haya kuondoka, nikampapasa mgongo mpaka alale. Kila siku. Nilimpapasa.

Nikamfasiria Mama. Mama kamshika mkono, mkono wenye ubani, na sasa hana habari na Kiarabu wala mtangazaji, Kiswahili tupu:

"Basi ulimkuna, dada! Ulimkuna! Mimi alikuwa akinikunisha kwa gunzi la hindi, kila baada ya chakula, mpaka mkono unaniuma, na akisema hayo hayo. Chini kidogo! Haridhiki yule mtu!"

Nilipofika kwenye gunzi nikifasiri, Moza kaanza kucheka. Kwanza sauti nyembamba tu chini ya barakoa. Halafu ikampasuka. Kacheka mpaka kaegemea ukuta, mpaka barakoa ikaenda upande, na nikauona uso wake wote mara ya kwanza, na ni mzuri. Mwenye duka la vitambaa kauliza kuna nini, kaambiwa, kacheka. Habari ikatembea soko zima. Bibi mmoja nisiyemjua kamgeuzia mwenzake mgongo, kasema kwa Kiswahili cha palepale: habo habo! Wamekufa kwa kicheko.

Moza kanyoosha mkono kwenye sahani. Kaipapasa. Tupu. Mbuzi kavimaliza.

Kanambia mwambie dada yangu Jumatano alete zaidi. Kasema dada yangu. Ukhti. Hilo Mama hakuhitaji kufasiriwa.


Alhamisi, 21 Novemba

Moza katuchukua makaburini mwenyewe. Asubuhi mapema. Kasema yeye huenda tangu msichana, na hajatokea mwanamme wa kumkataza aliyerudia mara ya pili.

Kapita baina ya mawe bila kutazama chini, kama mtu anayepita ukumbini kwake gizani. Kasimama. Mawe mawili, ya kijivu, karibu na ukuta, pale falaji inapotokea kutoka chini ya msikiti. Tulipita hapo siku ile. Mama alikwishamwamkia. Shikamoo, kama si wewe nisamehe. Ndiye.

Nilifikiri Mama atalia sana. Hakulia. Kasoma dua zake, kakaa kitako, kaanza kumpa habari. Kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, kama Babu kachelewa sokoni. Nani kaolewa na nani. Nani kafa. Nyumba ya Unguja anakaa nani sasa. Moza kaninong'oneza anasema nini saa zote hizo. Nikamwambia, sasa hivi anamlaumu kwa kuchukua boriti bila kuaga.

Moza kasema mwambie na mimi nina yangu ya kulaumu, nasubiri zamu. Kangoja kweli. Mama alipomaliza, yeye kakaa. Kiarabu. Tukasogea, tukampisha.

Salim alikuwa kwenye gari. Nilipomweleza, kafuta miwani yake muda mrefu kuliko inavyohitaji. Kasema vumbi. Leo nimempenda sana.


Jumanne, 26 Novemba

Mama kahamia kwa Moza. Anasema kwa siku chache. Kachukua kibweta, mbuzi ya kukunia nazi, na mito yake miwili. Siku chache zinataka mbuzi ya nazi?

Nyumba kubwa ghafla. Nimeweka vikombe vitatu vya chai, nikarudisha kimoja. Nina wivu, nikiri. Nimekuwa mtoto wake pekee wa kike maisha yangu yote, leo nimepata mpinzani mwenye bakora.

Jirani kasema kawaona wanafagia msikiti, wamebishana kuhusu ufagio.


Ijumaa, 29 Novemba

Nimewapelekea nguo na mafuta ya taa. Hawakuwa nyumbani. Nimewakuta makaburini, jua bado changa, Moza anaonyesha kwa bakora na Mama anafuata kwa macho.

Upande mmoja wa Babu kalala mke wake wa huku, mama yake Moza. Upande wa pili mahali pawazi. Moza kanieleza kuwa hapo kajiwekea mwenyewe miaka mingi, na wanawe wamekwishaambiwa. Kasimama pale. Katazama kulia, kushoto. Kisha kasogea hatua, akaelekea ukutani, akaipigapiga ardhi kwa ncha ya bakora, mahali alipokuwa kasimama, karibu na Babu.

"Mwambie hapa pake. Mimi nitakaa huku. Pananitosha."

Nikamwambia Mama. Mama kapaangalia kama mtu aliyeonyeshwa chumba na mwenye nyumba. Kapima kwa macho. Kageuka kuona kama falaji inasikika. Inasikika.

Kasema ahsante, dada. Kwa Kiarabu, vizuri.

Moza: mwambie nikilala sipendi kusukumwa.

Mama: mwambie mimi silali kwa fujo, yeye ndiye anakoroma, siku tatu sijapata usingizi.

Nilifungua kinywa kufasiri. Moza keshajibu, sijui kafahamu nini. Mama kamrudishia. Wakaendelea hivyo, kila mmoja kwa lugha yake, huku wanarudi nyumbani polepole, mmoja kamshika mwenziwe kiwiko.

Nimekaa ukutani peke yangu. Asubuhi tulivu. Njiwa wameanza. Hawakunihitaji, na sikufasiri kitu.